Utumbo wa Fundi Khiem

Aliyeuzua ule uongo ni Luan, na aliuzua mbele za watu, bila hata kumkonyeza mama yake. Daktari alikuwa amewaita pembeni, yeye na mama yake Thoa, akawaonyesha picha ya tumbo la mzee kwenye kompyuta na kuweka kidole upande wa kushoto, chini. Hapa, alisema, utumbo mpana umebanwa na uvimbe, na kwa jinsi unavyoonekana ni kansa. Thoa alirudi wodini akitembea kwa kushika ukuta. Kitandani Fundi Khiem alikuwa amelala na mpira puani, tumbo limemjaa kama ngoma, siku ya tano hajaenda choo wala kutoa upepo. Akauliza, "Wamesemaje?"

"Mianzi, baba," Luan akajibu upesi. "Machipukizi ya mianzi yamejazana, yakaziba."

Na si kwamba Luan ni mtu wa uongo. Kule kwao kwenye mashamba ya mpunga na mifereji, mtu mzima haambiwi ana kansa. Ataambiwa mke, wataambiwa watoto, wataambiwa hata majirani wa ng'ambo ya mfereji, lakini mwenye mwili haambiwi, ati asije akavunjika moyo akafa kabla ya siku zake. Baba yake Khiem mwenyewe alikufa akidhani ana vidonda vya tumbo. Tena uongo wa mianzi ulikaa vizuri mno, maana kila mwaka lazima apatikane mzee mmoja aliyezibwa utumbo na nyuzi za mianzi, au mbegu za mapera. Nani angebisha?

Taabu ilikuwa moja tu. Hiyo mianzi ilitoka kwenye sufuria ya Thoa.

Miaka ishirini na sita Thoa anauza tambi za bata na machipukizi ya mianzi kwenye kona ya soko, hatua chache kutoka karakana ya mumewe. Anajua kuichemsha mara tatu mpaka uchungu uishe, anajua kuipasua kwa vidole ikawa laini. Na Khiem kila asubuhi, kabla hajashika spana, anakaa kwenye kiti chake kifupi cha plastiki na kupiga kelele, "Mama Luan! Mianzi mingi, bata baadaye!" Soko zima linamjua kwa kelele hizo.

Sasa mama wa kitanda cha jirani, aliyekuwa akimuuguza mkwe wake, alishusha kipepeo alichokuwa akijipepea nacho na kumtazama Thoa juu mpaka chini. "He! Mama, umemlisha nini mzee wa watu?"

Thoa akafungua mdomo. Akamwangalia Luan, naye Luan akamwangalia kwa macho ya kuomba. Akaufunga.

"Mianzi," akasema. "Kosa langu."

Haikupita nusu saa simu ikalia. Wifi yake Suong, dada mkubwa wa Khiem, mwanamke ambaye hahitaji simu ili asikike; Luan alikuwa ameshampa habari ya mianzi. "Nilisema! Miaka yote nilisema! Ile mianzi yako migumu unamshindilia kaka yangu kama unajaza gunia! Soko zima linajua sasa, na mie ndiye niliyewaambia!"

"Ndiyo, wifi."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo, kosa langu, wifi."

Akazima simu, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Jamani, mtu anaweza kujua kabisa kwamba hakufanya jambo, lakini akisemwa nalo mara tatu kabla ya saa sita za mchana huanza kujichunguza. Thoa alitazama mikono yake. Je, kama kweli? Je, kama ule uvimbe ulianzia kwenye sufuria? Alimwona daktari akiingia, akashukuru kupata kitu kingine cha kuwaza.

Daktari Uyen, yule yule aliyewaonyesha picha, alikuwa mwanamke mfupi, bado kijana, mwenye kandambili za raba na maneno ya haraka. Alibonyeza tumbo la Khiem upande wa kulia. Khiem akakunja uso, naye daktari akakunja wake.

"Mzee wangu, hatuna muda, kwa hiyo nisikilize. Utumbo umeziba huku kushoto, na huku kulia umevimba mpaka unakaribia kupasuka. Ukipasuka, uchafu wote unamwagika tumboni, na hapo siwezi kukuahidi kitu. Lazima nikupasue leo, sasa hivi."

"Pasua," akasema Khiem. "Nani amekukataza?"

"Sikiliza kwanza namna. Nataka nikate kipande kilichoziba, mwisho wa chini niufunge, mwisho wa juu niutoe nje hapa ubavuni. Utajisaidia kwenye mfuko miezi kadhaa. Ukipata nguvu, nitakurudisha mezani nikuunge."

Khiem akauvuta mpira wa puani kidogo ili aongee vizuri. "Daktari. Mimi ni fundi. Injini za mashua, miaka arobaini. Bomba likizibwa na gugu maji, nalifungua, nalitoa gugu, nalifunga, mtu anakwenda zake. Sijawahi hata siku moja kumkatia mtu bomba zima kwa sababu ya gugu. Wangenicheka mto mzima!"

Daktari akamtupia Luan jicho. Luan akatazama dari.

"Hakuna njia nyingine?" Khiem akauliza.

"Zipo. Kuna kijibomba cha wavu wa chuma, kinaingizwa kwa chini, kikifika penye kizuizi kinatanuka chenyewe na kufungua njia. Mgonjwa anapumzika, anakatwa siku nyingine kwa utulivu. Lakini mtaalamu wake yuko jiji kuu, mwendo wa saa nne, na mimi huo utumbo wako wa kulia siuamini hata kwa saa moja."

"Si unikate halafu uniunge papo hapo? Mambo ya mfuko ya nini?"

"Wewe ni fundi, niambie wewe. Bomba la juu limejaa mara tatu ya kawaida, ukuta wake umekuwa laini kama karatasi iliyolowa. La chini ni jembamba, la kawaida. Unayaungaje?"

Khiem akafikiri, na ilionekana anafikiri kweli. "Hayaungiki. Yatavuja."

"Umeona!"

"Lakini ndiyo sababu hulikati!" akasema kwa nguvu, mpaka akashika tumbo. "Unafungua, unatoa takataka, unaliacha linywee lenyewe. Nitoeni mianzi, nishoneni, nirudi nyumbani. Mfuko sitaki. Sitii sahihi."

"Hata nikikutoa kwanza upepo uliojaa huku juu kwa kutoboa tundu..."

"Sitaki tundu, sitaki mfuko, sitaki! Mianzi ni mianzi!"

Akageukia ukutani. Daktari Uyen akawaashiria wale wawili, akawatoa mpaka penye ndoo za mopu, akageuka nao uso kwa uso.

"Mzee ana akili kuliko ninyi wote wawili," akasema. "Kwa ugonjwa mliompa, jibu lake ni sahihi kabisa. Mianzi ningeisukuma, ningeitoa, nikamshona. Mimi nimewavumilia kwa sababu najua desturi, hata kwetu ni hivyo hivyo. Lakini sasa uongo wenu ndio unaoziba."

"Nitatia sahihi mimi," Luan akasema. "Mimi ni mwanawe. Akishapona tutamweleza polepole."

"Mwenye tumbo yuko macho na akili zake timamu. Akizinduka akute utumbo wake uko nje, na kwa sababu ya mianzi, utamweleza nini polepole? Chumba kinatayarishwa. Nawapa dakika ishirini." Akaondoka, kandambili zikipiga sakafu.

Luan alianza kulia, mtu mzima wa miaka thelathini na tano. "Mama, akijua atakata tamaa. Babu je? Kila mtu..."

"Babu yako alikufa akimtukana daktari wa vidonda vya tumbo," akasema Thoa. "Hakuaga mtu. Nenda kamnunulie baba yako kandambili."

"Anazo kandambili."

"Basi kanunue nyingine!"

Luan akaenda. Thoa akavuta pumzi, akarudi kitandani, akamgeukia mama wa kipepeo aliyekuwa ameshatega sikio. "Dada, tafadhali kajaze chupa yako maji ya moto." Yule akasema chupa imejaa. Thoa akaichukua ile chupa, akamwaga maji yake yote kwenye ndoo, akamrudishia. Yule akaenda kujaza.

"Baba Luan."

"Usianze. Nimesema sitaki."

"Si mianzi."

Alisema hivyo tu. Khiem akageuza kichwa taratibu kwa sababu ya mpira.

"Ni nini?"

"Ni uvimbe. Umeota ndani ya utumbo wenyewe. Wanasema ni kansa." Neno lile hakuwahi kulitamka mbele ya mgonjwa yeyote maishani mwake. "Luan alitunga mianzi ili usiogope. Nami nikaitikia. Nisamehe."

Nje mtu alikuwa akiita namba za wagonjwa. Thoa alihesabu namba tatu kabla hajasikia sauti ya mumewe.

"Nani anajua?"

"Mimi. Luan. Daktari. Sasa na wewe."

"Yaani wote mnajua, isipokuwa mwenye tumbo!"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo bomba lenyewe ndilo bovu."

"Ndilo bovu, baba Luan."

"Sasa mlikuwa mnaninyamazia nini?" akafoka, na Thoa hakuwahi kufurahi kufokewa kama siku ile. "Bomba bovu linakatwa! Mtoto mdogo anajua! Nimelala hapa nabishana na daktari wa watu kama mpumbavu, naye ananitazama tu! Aibu gani hii mnaniletea?" Kisha hasira ikamwisha ghafla, akautafuta mkono wa Thoa juu ya shuka. "Naogopa, Thoa."

Jina lake hakuliita mara nyingi. Alimwita Mama Luan tangu Luan azaliwe.

"Na mimi naogopa," akasema.

"Kwa hiyo si mianzi. Una hakika?"

"Daktari ameniambia kwa mdomo wake. Haihusiani kabisa."

Basi Khiem akafumba macho, na Thoa akaona machozi yakiteleza kuelekea masikioni. Akadhani ndiyo sasa moyo umevunjika kama Luan alivyosema. Lakini Khiem alikuwa anatikisa kichwa na nusu anacheka.

"Unajua kwa nini niliukataa ule mfuko?" akasema. "Nimemsikia Suong kwenye simu, nani hamsikii Suong? Nikajisemea, nikitoka hapa na utumbo nje, nikapita sokoni na mfuko mwaka mzima, kila mtu atasema ni supu ya mkewe ile. Nani atakula kwako tena? Nikaona afadhali nibishe. Watoe mianzi, nirudi upesi, nikae kwenye kiti changu wanione mzima. Na kama ningekufa, ningekufa tu, ila nisitembee na mfuko mbele ya watu."

Thoa alimpiga kofi dogo la bega, halafu la pili, halafu akaulaza uso wake pale pale alipopiga. "Mjinga wewe," akasema ndani ya shuka. "Mzee mjinga kabisa."

"Niletee hiyo karatasi kabla sijabadili mawazo."

Luan aliporudi na kandambili za kijani, alikuta baba yake anatia sahihi, na daktari ameshika ubao. "Wewe," Khiem akamwambia bila kuinua kichwa, "ukinidanganya tena, uwe unanidanganya kwa kitu ambacho mama yako hapiki."

Walimpeleka saa tano na nusu. Thoa na Luan walikaa kwenye benchi nje ya mlango wa chumba cha upasuaji, zile kandambili za kijani katikati yao. Saa tisa kasoro mlango ukafunguka, Daktari Uyen akatoka akivua kofia, nywele zimemganda kwenye paji la uso, na kitu cha kwanza alichofanya ni kutabasamu. Thoa akasimama kabla ya kuambiwa asimame.

"Amevuka," daktari akasema. "Utumbo wa kulia ulikuwa umeanza kuchanika ngozi ya juu. Saa moja zaidi, sijui. Nimekata chote kilichooza, mwisho nimeutoa nje kama tulivyokubaliana. Nimepapasa ini, nimepapasa kila pembe. Sikuona uvimbe mwingine."

Luan akamshika daktari mikono yote miwili na kuitikisa mpaka akaambiwa basi. Thoa akataka kusema asante, badala yake akauliza, "Daktari, umekula?" Uyen akacheka kwa sauti. Alikuwa hajala tangu asubuhi.

Siku ya pili Khiem akazinduka asubuhi, akainua shuka, akatazama kile kifundo chekundu chenye unyevu kilichotokeza tumboni. Thoa alijikaza akisubiri. Khiem alikiangalia kwa muda mrefu, kichwa upande, jinsi anavyoangalia kazi ya fundi mwingine.

"Ameshona vizuri," akasema.

Siku ya tatu, muuguzi akiwa anabadilisha dripu, ule mfuko ulianza kujaa upepo wenyewe, taratibu, ukavimba mpaka ukasimama. Muuguzi akapiga makofi. "Upepo! Utumbo umeamka! Leo mzee anakunywa uji!" Wodi nzima ikashangilia, na mama wa kipepeo, ambaye Thoa alishamwomba msamaha kwa maji yake ya moto, akaja kutazama mfuko na kumpongeza Khiem. Khiem aliona haya mpaka masikio yakawa mekundu. Thoa alitoka nje ya wodi, akaegemea ukuta ule ule aliokuwa ameushika siku ya kwanza, akacheka peke yake mpaka tumbo likamuuma.

Majibu ya maabara yalikuja baada ya siku kumi. Kansa ilikuwa imeshika ukuta wa utumbo, lakini tezi kumi na sita za pembeni yake walizozipima, ambako kansa huenea kwanza, zote zilikuwa safi. Atameza vidonge miezi kadhaa kwa tahadhari, kisha, mambo yakienda vizuri, ataungwa kabla ya mwaka mpya. Luan alitaka daktari arudie kuzihesabu zile tezi, moja moja ikiwezekana.

Wakarudi nyumbani. Na hapo Thoa akakuta kile alichokuwa amekisahau kwa furaha.

Alifungua kibanda siku ya Jumatatu, akawasha jiko saa kumi na moja na nusu. Watu wakaja wachache, wanamsalimia kwa sauti ya msibani. "Nipe tambi, Mama Luan, lakini usiniwekee mianzi." Mwingine: "Bata tu, mama, unajua umri huu." Kufika saa mbili sufuria ya bata ilikuwa nusu, na mianzi ilikuwa haijaguswa. Jumanne vivyo hivyo. Jumatano akachemsha mianzi kidogo, na Alhamisi akasimama mbele ya gunia la mianzi mikavu, akafikiria kulimwaga mtoni. Kujitetea hakuweza. Angesemaje? Kusema si mianzi ni kusema ni kansa, na hilo lilikuwa la Khiem kulisema, si lake yeye kuliambia soko. Akanyamaza, akauza bata.

Ijumaa wifi Suong akaja kibandani mwenyewe, akakaa katikati kabisa, akaagiza tambi bila mianzi kwa sauti ya kusikika ng'ambo. "Nasema mie, hiyo kitu ingepigwa marufuku. Kaka yangu leo anatembea na mfuko!"

"Ndiyo anatembea," sauti ikasema nyuma yake.

Khiem alikuwa amesimama barabarani na kandambili za kijani, amekonda, shati limening'inia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka nje ya ua. Alisogea polepole mpaka kwenye kiti chake kifupi cha plastiki, lakini hakukaa. Akafungua vifungo viwili vya chini vya shati.

"Baba Luan!" Thoa akasema. "Watu wanakula!"

"Waache kula kidogo." Akapiga ule mfuko kwa kiganja, kwa heshima, jinsi anavyopiga injini iliyokubali kuwaka. "Sikilizeni nyote, na wewe dada yangu mwenye spika kooni. Nilikuwa na kansa. Kansa ya utumbo. Nasema tena kwa aliye mbali: kansa! Daktari ameikata, ameitupa, tezi zangu kumi na sita ni safi, ninyi zenu hamjapima. Baba yangu alikufa nayo hajui, mimi ninajua na niko hai. Na mianzi ya mke wangu haina kosa. Miaka ishirini na sita nimeila kila asubuhi, na sehemu pekee ya utumbo iliyooza ni ile ambayo nilizaliwa nayo mwenyewe."

Muuza kitimoto wa meza ya mwisho alikuwa ameshikilia tambi hewani kwa vijiti. Neno lile halikuwahi kusemwa kwa sauti kwenye soko lile, sembuse na mtu mwenyewe aliyelibeba tumboni.

Suong akamtazama kaka yake, akatazama mfuko. "Mbona hamkuniambia?"

"Ungeliambia soko."

"Si ungeniambia tu!" Akafuta macho kwa kiganja, akalisukuma bakuli lake kuelekea kwa Thoa bila kumwangalia. "Wifi, bakuli gani hili? Halina mianzi."

Thoa akachota. Muuza kitimoto akainua bakuli lake pia, halafu mwalimu wa shule ya msingi, halafu wale wanawake wawili wa samaki waliokuwa wanapita tu. Thoa alichota mianzi mpaka kijiko kikakwangua chini ya sufuria, na machozi yalikuwa yakimtiririka wazi wazi, wala hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na mafuta.

"Usililie supu," Khiem akamwambia akifunga vifungo. "Watasema chumvi imezidi." Akakaa kwenye kiti chake, taratibu, mkono tumboni. Alikuwa anaruhusiwa uji tu, na Thoa akamletea uji, mweupe, bila kitu.

Akautazama. Akamtazama mkewe.

"Mianzi mingi," akasema kwa sauti ndogo, "bata baadaye."

"Ukishaungwa," akasema Thoa.

Jioni ile alichagua machipukizi laini kuliko yote kwenye lile gunia, akayafunga kwenye mfuko wake peke yake, akauning'iniza juu ya jiko mahali ambapo Khiem, akikaa kwenye kiti chake, angeuona kila asubuhi.